Paskali: Jina lililojificha kwenye upepo wa mpira

KABLA ya filimbi, mwamuzi huuminya mpira na kuupima upepo. Sheria ya pili ya soka inataka presha yake iwe kati ya 0.6 na 1.1 ya presha ya hewa ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha wanasayansi, hizo ni kama paskali 60,000 hadi 110,000.

Sasa huyo Paskali ni nani? Ni Blaise Pascal, fundi wa hesabu aliyezaliwa Clermont, Ufaransa, mwaka 1623. Jina lenyewe ni lile lile la akina Paskali wa mitaani, na chimbuko lake ni Pasaka.

Jamaa alitaka kuhakikisha kwamba hewa ina uzito. Afya yake ilikuwa mgogoro, hivyo akamwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki. Septemba 19, 1648, shemeji akapanda. Mrija ulioachwa chini haukusogea siku nzima. Kule juu, zebaki ilishuka kama sentimita nane. Kumbe ukipanda, hewa inakuwa nyepesi! Mwaka 1971, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Uzani ukakipa kipimo cha presha jina lake.

Hewa hiyo nyepesi ndiyo iliyozua kelele La Paz, Bolivia, mita 3,600 hivi juu ya bahari. Kule mpira unakimbia kuliko kawaida, wageni wanahema kama wametoka mbio ndefu. Mei 2007 FIFA ikapiga marufuku mechi za kimataifa kwenye viwanja vya juu ya mita 2,500. Wabolivia wakaja juu: wafukuzwe nyumbani kwao kisa hewa?

Diego Maradona akawaunga mkono. Machi 2008 akaenda La Paz kusakata kandanda kuonyesha inawezekana. Miezi miwili baadaye, marufuku ikawekwa kando.

Aprili 1, 2009, akarudi kama kocha wa Argentina, Lionel Messi akiwa kikosini. Wakapigwa 6-1, Joaquín Botero akitupia matatu. Wengi walisubiri Maradona ausingizie mlima. Hakufanya hivyo, aliisifu Bolivia.