Mtu Mmoja, Pikipiki Moja, Maili 64,000

Wasomaji waliopata kusafiri kaskazini ya Kenya kabla ya barabara ya Isiolo na Moyale kutiwa lami watakumbuka jinsi njia ile ilivyokuwa: mawe, vumbi, na yale mawimbi madogo ya udongo yafananayo na ubao wa kufulia nguo, ambayo hutikisa motokaa hata skrubu zikalegea. Mwanzoni mwa mwaka 1974 Mwingereza mmoja, Bwana Ted Simon, aliipita njia hiyo peke yake juu ya pikipiki. Alikuwa ametoka London, na safari yake ilikuwa bado changa.

Bwana Simon alizaliwa Ujerumani mwaka 1931, akalelewa Uingereza, na kazi yake ilikuwa uandishi wa magazeti. Gazeti la Sunday Times lilikubali kumsaidia azunguke dunia. La kustaajabisha ni kwamba hakuwa mpanda pikipiki. Alijifunza kwa ajili ya safari hiyo, naye ni mtu mzima wa miaka 42. Chombo chake kilikuwa Triumph Tiger 100, yenye injini ya silinda mbili ipoayo kwa upepo, iliyotengenezwa Meriden karibu na mji wa Coventry. Mwezi wa Septemba, 1973, wafanyakazi wa kiwanda hicho walikishika na kukaa humo, wakikataa kisifungwe. Kwa hiyo aliondoka huku kiwanda cha kumpa vipuri kikiwa na malango yaliyofungwa.

Siku aliyoondoka, tarehe 6 Oktoba, 1973, vita vilizuka baina ya Waarabu na Israeli. Mtu mwingine angaliahirisha. Yeye alipita Ufaransa na Italia, akavuka bahari mpaka Tunisia, akaendelea Libya, hata akaingia Misri wakati mpaka ule haukuwa mahali pa watalii.

Sudan ndiko alikojaribiwa kweli. Kutoka Aswan alivuka ziwa kwa meli mpaka Wadi Halfa, akapanda gari la moshi mpaka Atbara, kisha akaingia jangwani kuelekea Kassala. Huko hapakuwa na barabara, ila nyayo za malori zinazoachana na kukutana tena juu ya mchanga. Katika mchanga gurudumu la mbele huzama na usukani hukataa kutii. Hofu humwambia mtu apunguze mwendo, na akipunguza tu, huanguka. Imempasa kuongeza moto wakati moyo unapotaka breki. Bwana Simon alianguka mara nyingi. Pikipiki ilibeba petroli, maji, spana, mipira na nguo, na kila ilipolala chini hapakuwa na mwenzi wa kushika upande wa pili. Aliyewahi kusukuma baiskeli yenye gunia la mahindi katika matope ya mwezi wa Aprili atalifahamu jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Lakini ni huko huko alikojifunza lililo kubwa. Katika vibanda vya chai watu wasiomjua walimkaribisha, wakampa mahali pa kulala. Baadaye aliandika kwamba ucheleweshaji na uharibifu ndivyo vilivyomkutanisha na watu, na bila hivyo angalipita nchi nyingi asimjue mtu. Msafiri wa peke yake hana budi kuomba, naye aombaye hukaribishwa kuliko kundi lenye kila kitu.

Kutoka Nairobi alishuka Tanzania, Zambia, nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia, na Afrika ya Kusini. Katika bandari ya Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, alipanda meli kwenda Brazil. Huko Fortaleza hapakuwa na mchanga wala mawe, bali polisi wa serikali ya kijeshi, waliomshuku wakamweka kizuizini siku kadhaa. Makarani wataelewa: injini ikikwama hutafutwa spana, lakini mtu akishukiwa karatasi zake, spana haimfai kitu.

Alipoachiliwa alizunguka Amerika ya Kusini, akapanda mpaka California, kisha Australia, Malaysia na Bara Hindi. Alifika nyumbani mwaka 1977, baada ya miaka minne, maili zipatazo 64,000 na nchi 45. Kitabu chake, Jupiter's Travels, kilitoka mwaka 1979, na pikipiki yake ikawekwa katika jumba la makumbusho la usafiri huko Coventry, maili chache tu kutoka pale ilipoundwa.

Mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 69, aliondoka tena kuifuata njia ile ile, safari hii juu ya BMW. Kenya, iliyompitisha salama alipokuwa kijana zaidi, mara hii ilimvunja mguu. Mfupa ulipounga, akapanda tena, akaendelea kusini.