Silaha za Raia Katika Ukanda wa Dhahabu (Sehemu ya Tatu): Mguu wa Kuku wa Risasi Tano

Gobore tulilimaliza wiki mbili zilizopita, shotigani wiki jana. Leo ni zamu ya ile ambayo vijana mtaani huiita mguu wa kuku, na hasa aina yake ndogo kabisa: bastola ya silinda, mtutu wa inchi mbili, nafasi za risasi tano au sita. Nikipita Kahama, Katoro au Nyarugusu hakosekani mtu wa kunivuta pembeni aniulize kama ipo ya bei nafuu, ya kutembea nayo kila siku. Anayeuliza si jambazi. Ni mwenye karasha, ni mama mwenye mwalo wa kuchenjulia, ni broka anayerudi nyumbani usiku na fedha za watu.

Ya kwanza niliyoishika mimi ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa akinunua dhahabu maduarani miaka ya rashi, naye aliimiliki kwa kibali. Nilimkuta barazani asubuhi. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia. Akaitikia, akaingia ndani, akakawia kidogo kwenye kufuli, akarudi na kifurushi cha kipande cha kanga. Kabla ya kunipa alisukuma kitufe cha ubavuni, silinda ikalala kushoto, akaninyanyulia nione anga kupitia matundu yote matano.

"Hesabu mwenyewe, mwanangu. Anayekwambia haina kitu, usimwamini hata kama ni mimi."

Ilikuwa na uzito wa gramu 600 hivi. Mzee akanionyesha kopo la rangi lililokuwa juu ya kichuguu, nyuma yake hakuna njia wala nyumba, akaniambia nilenge na nivute hivyo hivyo tupu. Nikavuta, kifyatulio kikagoma. Nikaongeza nguvu, nyundo ikapanda, silinda ikazunguka tundu moja, nyundo ikaanguka: ta! Kufikia hapo mtutu ulikuwa umeshahama. Nililenga kopo, nikajikuta natazama mgomba wa jirani.

Ugumu huo umewekwa makusudi. Nyingi ya bastola hizi hazina kitufe cha usalama. Kinga yao ni uzito wa kifyatulio, ambao unaweza kufika kilo tano. Wazo la silinda inayozunguka ni la zamani: Samuel Colt alipata hataza ya Marekani mwaka 1836. Risasi ya .38 Special, ambayo nyingi ya bastola hizi huitumia, ina umri wa zaidi ya miaka 120. Smith & Wesson walitoa bastola yao ndogo ya risasi tano mwaka 1950, na baadaye Taurus ya Brazil ikaja na inayofanana nayo kwa bei ya chini. Neno "nafuu" linaanzia hapo.

Sifa yake kubwa ni kwamba haina mengi ya kuharibika. Risasi ikigoma, unavuta tena na silinda inaleta nyingine. Lakini msiniletee habari kwamba haikwami. Vumbi la karasha likijikusanya chini ya ile nyota inayosukuma maganda, silinda inabana, na jasho la kiunoni linatia kutu chuma chochote. Mtutu ukiwa mfupi hivyo, kulenga gizani ni kubahatisha. Halafu kuna hesabu ambayo hakuna muuzaji atakayekufanyia: una risasi tano, na majambazi ambao watu wa huku wanawaogopa zaidi ni wale wa SMG, yenye magazini ya risasi 30.

Sasa unafuu wenyewe. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, bei ya chuma ni sehemu ndogo ya safari. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, mahali unapojulikana kwa ulevi wako na ugomvi wako, yapande kata, yafike kwa OCD na kamati ya usalama ya wilaya, kisha mkoani, ndipo yaende mbele. Ongeza mafunzo, ongeza kabati la chuma. Ile inayouzwa gizani bila karatasi, hata ikiwa bei ya mbuzi, haina namna ya kuja kuhalalishwa mikononi mwako. Serikali ilipotoa msamaha wa kusalimisha silaha haramu, Septemba na Oktoba 2023, maana yake ilikuwa kuirudisha bila kushitakiwa, si kuandikishwa uendelee nayo.

Kwenye fomu kuna swali la sababu. Zamani broka aliandika "natembea na dhahabu na fedha", na alikuwa anasema kweli, maana biashara ilifuatwa huko huko duarani. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, la kwanza nchini, na mengine yakafuata. Mzigo unapimwa pale pale mbele ya maofisa. Ukiandika leo sababu ile ile, ofisa ana haki ya kukuuliza: unatembea nayo kwenda wapi?

Wala huku si mara ya kwanza watu kujiuliza wajilinde kwa kitu gani. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukazidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa pande za Kahama wakaanzisha Sungusungu, kwa upinde, mishale na mwano, yaani yowe la hatari. Walipiga watu ovyo pia, hilo tusilifiche. Ila mwano ukipigwa kijiji kizima kinatoka, na sheria ikaja kuwatambua mwaka 1989.

Nilimuuliza mzee ameshaitumia mara ngapi. Akaanza kuifunga kanga yake, kona moja baada ya nyingine.

"Usiku waliokuja, ilikuwa kabatini na ufunguo kwenye suruali nyingine. Mama yako ndiye aliyepiga mwano." Akacheka. "Hii nimeipigia risasi kumi na moja tangu niinunue. Zote kwenye kopo lile."

Nikaenda kulitazama kopo. Lilikuwa na matundu mawili.

Wiki ijayo: kabati, kufuli na mafuta.