Je, Wajua Kwa Nini Manowari za Filamu Huhitaji Uzito wa Kweli?

Mwaka 2016 manowari ya Ufaransa iitwayo Maillé-Brézé iliondolewa kwenye gati la Nantes, ambako ilikuwa makumbusho tangu 1988, ikakokotwa baharini hadi mji wa Dunkirk kwa ajili ya filamu ya Christopher Nolan yenye jina la mji huo. Injini zake zilikuwa zimekwisha kunyamaza, hivyo kila ilipotakiwa kusogea ilibidi ivutwe. Ilipewa sura ya destroya ya Uingereza ya mwaka 1940, mojawapo ya zile zilizowachukua askari waliozingirwa na Wajerumani ufukweni. Mjuzi wa meli aliliona tatizo mara moja. Maillé-Brézé iliingia kazini 1957, miaka 17 baada ya uokoaji ule, tena ina urefu wa karibu mita 130, ilhali destroya nyingi za Waingereza zilizofika Dunkirk zilikuwa na mita 100 hivi. Basi kwa nini watu wagharimike kuvuta meli ambayo hata si yenyewe, wakati kompyuta inaweza kuchora meli halisi ya 1940 na kila ribiti yake? Naamini walifanya jambo sahihi. Katika kuunda upya chombo cha vita kwa ajili ya filamu, kitu cha kwanza kinachopaswa kuwa cha kweli ni uzito wake majini. Umbo linaweza kukaribiana tu na lile la asili na mtazamaji akaridhika, lakini jinsi bahari inavyokibeba chombo haina njia ya mkato.

Ushahidi wa hilo ulikuwapo kabla sinema haijazaliwa. Mhandisi Mwingereza William Froude, aliyejenga birika la kupimia mifano ya meli mjini Torquay na kulikamilisha mwaka 1872, alionyesha jinsi mwendo wa chombo kidogo unavyolingana na ule wa chombo kikubwa: muda hupungua kwa kipeuo cha pili cha ukubwa. Chukua mfano wa manowari ulio mara 16 mdogo kuliko meli yenyewe. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, kwa hiyo mawimbi ambayo baharini yangeiyumbisha meli kila baada ya sekunde 8, yakipunguzwa kwa kipimo hichohicho, yataufanya mfano uyumbe kila baada ya sekunde 2. Ndiyo maana manowari za filamu nyingi za zamani hucheza majini kama zimetengenezwa kwa gome la mti. Wapiga picha walipata dawa: ukipiga fremu 96 kwa sekunde na kuzionyesha kwa kasi ya kawaida ya fremu 24, mwendo unapungua mara nne na chombo kinapata tena uzito wake. Dawa hiyo hutibu mwendo peke yake. Tone la maji hushikamanishwa na mvutano wa uso wa maji, na nguvu hiyo haijui kama omo inayolipasua wimbi ni ya chombo chenye urefu wa mita mia au mita nane. Tone lenye upana wa milimita 4, likirukia sitaha ya mfano huo, litaonekana kwenye skrini kama ndimu inayoelea hewani. Povu nalo hukataa kupungua. Mtazamaji ambaye hajawahi kusikia jina la Froude huhisi kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu macho yake yameyaona maji maisha yake yote.

Huko nje ya chombo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine imo ndani, katika miili ya watu, na hapa hakuna filamu yenye somo kubwa kuliko Das Boot ya mwongozaji Wolfgang Petersen, iliyotoka Ujerumani mwaka 1981. Nyambizi yake ni U-96, ya aina ya VIIC, yenye urefu wa mita 67, ambayo ganda lake la ndani lilikuwa na kipenyo kisichofika mita 5 huku likibeba watu karibu 50 pamoja na injini, betri na topido. Wajenzi wa studio za Bavaria, Munich, wangeweza kuondoa ukuta mmoja ili kamera ipate nafasi, kama ilivyo desturi. Badala yake walijenga mrija mzima wenye wembamba uleule, wakauweka juu ya mitambo ya haidroliki iliyouinamisha na kuutikisa. Tazama jambo moja tu. Amri ya kuzama kwa dharura inapotoka, mabaharia wasio na kazi hutimua mbio kuelekea omo, kwa sababu uzito wa miili yao husaidia pua ya nyambizi kuinama na kuzama haraka zaidi. Katika filamu wanakimbia hivyo, wakiinama na kurusha miguu kupitia milango ya duara, na mpiga picha Jost Vacano anawakimbilia nyuma akiwa na kamera ya mkononi iliyotulizwa kwa jairoskopu, mwenyewe amevaa kofia ngumu na pedi za kumkinga asiumie. Hofu unayoiona pale haikutegemea uigizaji peke yake. Chuma kilikuwa karibu na kichwa cha kila mtu.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya 1981, na kwamba siku hizi kompyuta imefuta hesabu zote za Froude, anastahili jibu la haki. Kompyuta kweli haina shida ya ukubwa wa tone, na filamu ya Greyhound ya mwaka 2020, kuhusu misafara ya meli katika Atlantiki, ilionyesha bahari iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa kwa njia hiyo. Lakini tazama ilikoanzia. Picha nyingi za sitahani zilipigwa ndani ya USS Kidd, destroya halisi iliyozinduliwa 1943 na ambayo sasa ni makumbusho huko Baton Rouge, Louisiana. Yaani hata waliochagua bahari ya kompyuta walihitaji chuma cha kweli chini ya miguu ya waigizaji. Kompyuta hukokotoa kile inacholishwa, na chakula chake bora ni chombo kilichojengwa na watu waliojua uzito wa kila bamba. Kisha kuna mwigizaji mwenyewe: mtu aliyesimama kwenye sakafu tulivu mbele ya kitambaa cha kijani huyumba kwa kukumbuka, na mwili hukumbuka vibaya. Hapeleki mkono kwenye kishikio kabla wimbi halijafika, kama afanyavyo baharia.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni la wanahistoria, wasemao kwamba kumvika Mfaransa wa 1957 vazi la Mwingereza wa 1940 ni kuwakosea heshima waliokufa. Destroya sita za Uingereza zilizama katika uokoaji wa Dunkirk, na kila moja ilikuwa na jina na watu wake. Nakubali kwamba kila chombo halisi kinapopatikana, chapasa kutangulia. Filamu ya Nolan ilifanya hivyo ilipoweza: boti ya topido MTB 102, iliyojengwa kwa mbao mwaka 1937, ilirudi Dunkirk kuigiza nafasi yake yenyewe. Mwaka 1940 boti hiyo ilikuwa imevuka mlango wa bahari mara nane, na manowari Keith ilipozamishwa ikawa meli ya bendera ya amiri Wake-Walker. Bendera yenyewe ilipatikana kwa kupaka rangi nyekundu kwenye kitambaa cha jikoni. Ila kwa destroya hakukuwa na uchaguzi huo, kwa kuwa zile za Dunkirk hazipo tena. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wao wa karibu. Filamu ya The African Queen ya mwaka 1951 ilihitaji manowari ya Wajerumani iitwayo Louisa, ambayo chimbuko lake ni Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na tangu 1927 ikasafirisha abiria kutoka Kigoma kwa jina la Liemba. Walipopiga filamu ilikuwapo na ilikuwa inatembea, lakini nafasi yake ilichukuliwa na Buganda, tagi ya mvuke ya shirika la reli na bandari, katika Ziwa Viktoria. Kwa umbo tagi haikufanana nayo. Kwa maji, ilikuwa chuma kinachoendeshwa na mvuke juu ya ziwa la Afrika, na kwenye skrini hilo linatosha kulibeba tukio.

Mipaka ya njia hii ipo. Nyambizi ya nje ya Das Boot, iliyojengwa kwa ukubwa kamili na kuwekwa La Rochelle, haikuweza kustahimili bahari kama nyambizi ya vita: ilipasuka vipande viwili, ikazama, ikabidi iopolewe na kuungwaungwa kwa ajili ya matukio ya mwisho. Na filamu ya Dunkirk ilipungukiwa mahali ambapo kisa chenyewe ni cha hesabu. Kati ya Mei 26 na Juni 4, 1940, watu 338,226 walivushwa na vyombo zaidi ya 800, lakini Nolan, aliyeweka hata askari wa kadibodi ufukweni ili kuepuka kompyuta, anatuonyesha upeo wa bahari ulio karibu mtupu. Hapo wakosoaji wake wako sahihi. Meli ambayo mtu ataikanyaga au kuogelea akitokea ubavuni mwake ilistahili kuvutwa kutoka Nantes. Zile zilizo kilomita tatu nyuma yake, ambazo povu lake halionekani, zingechorwa kwa mamia bila kuyakosea maji wala historia.