Wafu Wanaongojea Riba

Mnamo Januari 12, 1967, Profesa James Bedford, mwalimu wa saikolojia huko California, Marekani, aliaga dunia kwa maradhi ya saratani. Hakuzikwa. Aligandishwa, na hadi leo mwili wake umo mtungini katika jimbo la Arizona, ndani ya nitrojeni ya kimiminika yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sufuri, ukingojea sayansi itakayomfufua. Shirika la Alcor linalomhifadhi halimwiti maiti, humwita mgonjwa. Mimi ambaye kazi yangu ni maneno sikuweza kulipuuza hilo. (Nasi, tukumbuke, humwita marehemu mtukufu “hayati”, neno ambalo asili yake katika Kiarabu ni uhai.)

Aghalabu mjadala huu huishia katika swali moja: je, yawezekana? Sayansi haijalala. Mwaka 1984 alizaliwa nchini Australia mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza jinsi figo za panya zilizohifadhiwa hadi siku 100 zilivyopashwa joto, zikapandikizwa na kufanya kazi. Hata hivyo, kutoka figo ya panya hadi ubongo wa binadamu ni safari ndefu mno.

Kwangu, suala zito zaidi ni la fedha. Nitrojeni huvukiza daima na sharti iongezwe. Nani ataigharamia kwa miaka 200? Alcor hutoza zaidi ya dola 200,000 kwa mwili mzima, na sehemu yake huwekezwa ili faida ilipie matunzo. Watu wa pwani yetu watalitambua jambo hili upesi: ni wakfu, ila anayefaidi ni yule yule aliyeuweka.

Benjamin Franklin, aliyepata kuandika mwaka 1773 kwamba angependa kuhifadhiwa ndani ya pipa la mvinyo ili aamshwe baada ya karne moja, alifariki mwaka 1790. Aliusia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja, zikopeshwe mafundi vijana kwa riba ya asilimia 5 kwa miaka 200. Alikadiria kuwa fungu moja lingezidi pauni milioni 4. Ilipofika mwaka 1990, Boston ilikuwa na zaidi ya dola milioni 4, Philadelphia milioni 2 hivi. Mtaji ulikuwa sawa na miaka ilikuwa sawa. Waliotofautiana ni waangalizi. Mwalimu anayekatwa akiba ya uzeeni kila mwezi ataielewa hofu yangu.

Huko Chatsworth, California, fedha zilipokwisha, miili kadhaa iliachwa ikayeyuka na kuoza kaburini. Kashfa hiyo ilifichuka mwaka 1979. Bedford alinusurika kwa sababu jamaa zake waliutunza mwili wake wenyewe kwa miaka kadhaa, hadi Alcor ilipoupokea mwaka 1982. Jamaa hao hawatakuwapo miaka 200 ijayo.