Unauza maua ya kutambaa? Mwambie mteja mapema yatafika wapi

Wadau wa Bukoba na Muleba, leo tuongelee bidhaa ambayo mtaji wake ni kisu kikali na kona moja ya uani: maua ya kufunika ardhi. Nazungumzia hasa wedelia, lile lenye majani ya kijani yanayong'aa na viua vya njano kama alizeti ndogo. Lipige picha asubuhi likiwa na umande, liweke status, uone simu itakavyoita.

Uzuri wake kwa sisi wenye mtaji mdogo ni kwamba huhitaji kununua mbegu. Kila kifundo cha shina kikigusa udongo wenye unyevu kinatoa mizizi. Kata vipande vya urefu wa kiganja, kila kimoja kiwe na vifundo viwili au vitatu, toa majani ya chini, fukia kifundo kimoja kwenye kiriba au kopo lililotobolewa, weka kwenye kivuli chepesi na umwagilie. Bukoba mjini mvua ikianza kunyesha karibu haikudai kitu. Ukielekea Kimwani mvua inapungua, kwa hiyo panda mwanzoni mwa masika au vuli, la sivyo utabeba ndoo kila jioni.

Sasa tuje kwenye shida, na hapa najisema mwenyewe. Nilimuuzia mama mmoja wa Kimwani viriba ishirini apande kwenye mteremko mbele ya nyumba, mvua zilikuwa zinaondoa udongo. Akaniuliza, "Halitanisumbua?" Nikajibu haraka haraka, "Hapana mama, hili halina shida kabisa." Nilitaka hela, nisidanganye. Mteremko ulishika kweli, udongo ukatulia. Baada ya misimu miwili ya mvua likavuka kinjia, likaingia kibanjani, likajilaza chini ya migomba mpaka sehemu aliyozoea kupanda maharage haionekani. Akanipigia: "Mwanangu, ulichoniuzia ni maua au ni adui?" Sikuwa na jibu. Nilienda siku mbili kung'oa bila malipo, na picha zake nikazifuta.

Kilichoharibu zaidi ni jembe. Yeye alilima akidhani analiua, kumbe kila kipande chenye kifundo kilichobaki kwenye udongo kikaota upya. Wedelia huling'oi kwa jembe. Subiri mvua ilainishe udongo, vuta kwa mkono ukifuata shina mpaka mwisho, kusanya vipande vyote kwenye gunia, vianike juu ya bati au mwamba mpaka vikauke kabisa. Halafu rudia kila unapoona chipukizi. Usivitupe korongoni wala bondeni, maana maji yatakupandia kwa jirani.

Hili sio tatizo la kwetu tu. Mmea huu asili yake ni Amerika ya kitropiki, na umo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Jimbo la Queensland, Australia, haliruhusu kuuza wala kugawa bila kibali. Na sisi watu wa ziwani tuna kumbukumbu yetu. Gugu maji nalo lilisambazwa duniani kutoka Amerika ya Kusini kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limefika Ziwa Victoria, Mto Kagera ukiwa mmoja wa njia zake, na miaka ya 1990 ikabidi waletwe wadudu maalumu wa kulila. Mwenye mtumbwi hahitaji kusimuliwa lilivyoziba mialo.

Je, tuache kuuza? Mimi sijaacha, ila sasa nachagua mteja. Namuuzia mwenye eneo lililofungwa pande zote kwa ukuta, sakafu au lami, au anayelitaka kwenye chungu cha kuning'iniza. Mwenye kibanja, bonde au kijito mpakani simuuzii, hata akiongeza dau. Huyo nampa karanga ya mapambo, jina la kitaalamu Arachis pintoi. Ina majani manne manne kama ya karanga yetu, viua vya njano, inavumilia kivuli cha migomba na kahawa, tena inaongeza naitrojeni kwenye udongo. Nayo inatambaa, kwa hiyo kingo zake zikatwe. Mwanzoni inakwenda taratibu, mwambie mteja ukweli huo, vinginevyo mwezi wa pili atasema umemuuzia mche mgonjwa.

Kwenye posti usiandike tu "linasambaa haraka sana!!!" Andika hivi: "Linasambaa haraka. Linafaa eneo lililozungushiwa zege. Halifai karibu na shamba. Kingo zikatwe kila mwezi." Utapoteza oda chache, ni kweli. Lakini watakaobaki hawatakupigia wakilia.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hatulifikirii. Mmea unaosambaa mteja ananunua mara moja tu. Mwakani jirani anachukua kipande bure, biashara imekwisha. Kwa hiyo usiuze kiriba peke yake, uza kazi. Muulize vipimo kabla ya kutaja bei: ukipanda kwa nafasi ya futi moja, mita moja ya mraba inakula kama viriba kumi, kwa hiyo eneo la mita 3 kwa 4 ni kama viriba 120. Hapo weka bei ya kupanda, na bei ya kurudi kila mwezi kukata kingo. Hiyo ya mwezi ndiyo inayolipa vocha na nauli yako.

Kwa mteja wa mbali, tuma vipande bila udongo. Funga kwenye gazeti lililoloweshwa kidogo, tia kwenye boksi lenye matundu, mpe kondakta, mwambie mteja apande siku hiyo hiyo. Mzigo unakuwa mwepesi, na husafirishi magonjwa ya udongo. Muleba tuliupata mnyauko wa migomba mwaka 2006, tunajua hasara yake, kwa hiyo hata udongo wa viriba usiuchote chini ya mgomba unaonyauka, na kisu ulichokatia mgomba usikitumie kwenye miche kabla ya kukisafisha kwa dawa ya klorini. Mteja akiwa ng'ambo ya Mutukula usimtumie kimya kimya kwa boda. Mimea inayovuka mpaka inatakiwa iwe na cheti cha afya ya mimea, na wanaokitoa ni TPHPA. Waulize gharama kwanza, kisha ndiyo umtajie mteja bei.