Nani Anayestahiki Kusomea Ufamasia?

Kila mwaka yatokapo matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, wazee wa Kaloleni, Ngarenaro na Bondeni mjini Arusha, na wenzao wa vijiji vya mitelemko ya Mlima Meru, hukaa na matokeo ya watoto wao mkononi wakiulizana: je, huyu aweza kupokewa chuoni kusomea ufamasia? Yatupasa kulijibu swali hili kwa uwazi, kwani wengi hulijibu kwa kubahatisha, na fedha za nyumba zikapotea.

Sharti la kuingia katika stashahada ni hili. Mwombaji awe amefaulu Kidato cha Nne katika masomo manne yasiyo ya dini, kwa alama isiyopungua D, na miongoni mwa hayo manne yawemo Kemia na Baiolojia. Kufaulu Fizikia, Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nguvu. Mafunzo ni ya miaka mitatu, na mwenye kuhitimu huitwa fundi dawa sanifu.

Maneno hayo "yasiyo ya dini" ndiyo yawakwazayo watu wa nyumba zetu. Tuchukue mfano wa binti aliyefaulu Kiswahili, Baiolojia, Kemia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Baba huhesabu manne, akafurahi, akauza ng'ombe wake kwa ajili ya karo. Chuo huhesabu matatu. Wako wadhanio kuwa jambo hili limewekwa kuwakomoa Waislamu. Sivyo, kwani mtoto wa Kikristo aliyefaulu somo la dini yake hukumu yake ni hiyo hiyo. Wala hatusemi hata kidogo kwamba mtoto aache somo la dini. Tusemalo ni kuwa lihesabiwe la tano au la sita, na yale manne yatafutwe kwingine: katika Jiografia, Historia, Kiingereza au Hisabati.

Tena Kemia haina badala. Kijana anayeiacha siku ya kuchagua masomo, kwa sababu rafiki zake wameiacha, amejifungia mlango huu akiwa bado mdogo, na mara nyingi mzazi hapati habari. Mzazi na aulize siku ile ile.

Kazi yenyewe si ngeni kwa Waislamu. Al-Biruni, aliyefariki katikati ya karne ya 11, aliandika kitabu kizima juu ya dawa na majina yake katika lugha mbalimbali. Naye Ibn al-Baitar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya habari za dawa zipatazo 1,400. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu hubeba dhamana ya madhara yatokeayo. Basi tunastaajabu kumsikia mtu akisema kuwa kuuza dawa ni kama kuuza sukari. Anayempa mgonjwa vidonge viwili vya kuua vijidudu badala ya dozi kamili humwachia maradhi yaliyozoea dawa. Na mama zetu, wenye haya ya kumweleza mwanamume maradhi yao, wanamhitaji mwanamke nyuma ya meza ile.

Nchini Tanzania kazi hii huongozwa na Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na Baraza la Famasi ndilo lisajililo wanataaluma wake. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi ahakikishe kuwa chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, na asome mwongozo wa udahili wa mwaka huo huo, si wa mwaka jana.

Atakaye shahada hupitia Kidato cha Sita kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Au humaliza stashahada kwanza, kisha akaomba chuo kikuu, kama Muhimbili, akiwa na wastani unaotakiwa. Na yule binti wetu aliyepungukiwa somo moja aweza kulirudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, akaomba tena mwaka ufuatao.