Tusile Mbegu za Bahari

Wahenga walinena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Usemi huo hauna mahali unapofaa zaidi kuliko katika hori la Gazi, huko Msambweni, Kwale.

Maji yajaapo, samaki wachanga huingia baina ya mizizi ya mikoko kutafuta chakula na maficho. Yapwapo, hurudi mkondoni, na hapo ndipo mvuvi mwenye subira huwangoja. Wazee walitega malema na nyuzio kwa kuhesabu mwezi: bamvua lilikuwa na kazi yake, na maji mafu yalikuwa na yake. Lema lililosukwa kwa matundu mapana lilimwacha tafi mchanga apenye, akakue.

Juya halina huruma hiyo. Hukokotwa hadi ufuoni likizoa mkubwa kwa mdogo. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2001, lakini marufuku hayapikiki chunguni. Kijana asiye na mtumbwi hujiunga na wavuta juya kwa kuwa mtaji wake ni mikono tu. Kumnyang'anya wavu bila kumwonyesha riziki nyingine ni kumwadhibu kwa ufukara wake. Hata hivyo, njaa ya leo isiwe kibali cha kuzaa njaa ya kesho.

Gazi yenyewe imekwisha kutupa somo. Katika miaka ya 1970, mikoko yake ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani, pakabaki matope matupu. Tangu miaka ya 1990, watafiti na wanakijiji wameipanda upya. Mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, unaohifadhi hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni. Mapato yake yamesaidia huduma za maji na shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Watu waliulinda msitu kwa sababu waliyaonja matunda yake.

Basi na wavuvi watendewe vivyo hivyo: wabadilishiwe juya kwa nyavu halali, na vikundi vyao vya ufuoni visikilizwe kabla ya askari kutumwa.

Nanyi walimu, wapelekeni wanafunzi horini maji yanapokupwa. Wawaulize babu zao majina ya maji na ya mitego. Mtoto aliyemwona tafi wa ukubwa wa kidole akijificha mizizini hatahitaji askari wa kumfundisha kwa nini aachwe akue.